Opareta wa Kilcreevan na Waya Mpya

Ukitaka kumwudhi Bi Attracta Geraghty, mwambie kwamba kitu fulani "kinafanya kazi bila shaka." Atakutazama juu ya miwani yake, kisha atakuuliza, "Umepiga ukajibiwa, au unadhani tu?" Mimi, Enda, ni jirani yake tangu nizaliwe, ng'ombe wangu wanachungulia dirisha la jikoni mwake, na swali hilo nimeshaulizwa kuhusu pampu ya maji, kuhusu trekta, na siku moja, mbele za watu, kuhusu ndoa yangu.

Kazi ndiyo iliyomtia tabia hiyo. Zamani, kabla simu hazijajifunza kujiunganisha zenyewe, kijiji chetu cha Kilcreevan kilikuwa na ubao wa simu katika chumba cha nyuma cha posta, na Attracta, msichana aliyemaliza shule juzi tu, aliketi mbele yake na visikizio kichwani, akichomeka waya huu hapa na ule pale. Ukiinua simu nyumbani kwako, sauti ya kwanza uliyoisikia ilikuwa yake. Namba hukuzihitaji. Mama yangu alikuwa akisema tu, "Nipe daktari," naye anajibiwa, "Daktari hayuko kwake, gari lake limepita hapa sasa hivi kuelekea kwa akina Mulroy, mke wa Padraic ameshikwa na uchungu. Ngoja, nakuunganisha huko huko."

Kulikuwa na mzee mmoja kapera huko juu mlimani aliyekuwa akipiga kila asubuhi kuuliza hali ya hewa, kana kwamba hana dirisha. Attracta alijua anachotaka ni sauti ya mtu, basi akawa anamsomea mawingu taratibu. Asubuhi moja mzee hakupiga. Attracta hakungoja adhuhuri; alimtoa baba yangu kwenye kukamua ng'ombe, akampandisha baiskeli. Mzee alikutwa sakafuni na nyonga iliyovunjika, akiwa hai na akiwa amekasirika sana. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akilalamika. Ukimkumbusha Attracta habari hiyo anakunja uso na kusema kwamba alikuwa kazini.

Mumewe naye alimpata kwa waya. Malachy Geraghty alikuwa fundi wa nguzo. Kila akimaliza kutengeneza laini alipiga simu posta akiwa bado huko juu, upepo ukimvuruga nywele, na opareta akiuliza nani, yeye hujibu, "Najaribu laini tu." Laini za Kilcreevan zilijaribiwa mwaka ule zaidi kuliko laini za nchi nzima. Mkuu wa posta alidhani wilaya yetu ina nyaya mbovu, akaomba aletewe mafundi zaidi, na Malachy nusura azirai. Wakaoana, wakapata binti mmoja, Imelda. Ubao wa simu ukafungwa, mashine ikachukua kazi, Attracta akabaki posta akiuza stempu, na kuudharau mtambo mpya hadharani kwa sababu unamwunganisha mtu na simu inayolia katika nyumba isiyo na mtu.

Malachy alifariki miaka kadhaa iliyopita, majira ya kuchipua. Huku kwetu jirani mmoja hubaki nyumbani wakati wengine wanakwenda mazikoni, maana wezi nao husoma matangazo ya vifo na wanajua fika saa ambayo nyumba iko tupu. Siku ile ilikuwa zamu ya Tom Mulroy kubaki. Attracta akamwona amesimama mlangoni na kofia mkononi, machozi yanamlengalenga, kwa kuwa alifanya kazi na Malachy ujana wao wote, akamwambia, "Twende, Tom. Nyumba itajiangalia." Tuliporudi kutoka makaburini mlango wa nyuma ulikuwa umevunjwa. Walichukua saa ya Malachy, mkufu wa mama yake Attracta, na hata paja la nguruwe lililopikwa kwa ajili ya waombolezaji. Mimi mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Mtu anayeiba chakula cha msiba sijui alilelewa na nani.

Ndipo king'ora kikaingia nyumbani mwake. Imelda anaishi Leeds, ng'ambo ya bahari, na ni mtu wa kupanga mambo, alizaliwa anapanga. Alimpa mama yake njia mbili. Ya kwanza, ahamie nyumba ya wazee ya Castlebar, mahali safi penye bustani na muziki wa lazima. Ya pili, abaki kwake, lakini afungiwe king'ora kinachoangaliwa usiku na mchana na watu wa kituo cha ulinzi, pamoja na kitufe cha kuvaa shingoni cha kubonyeza akianguka. Kitu kikitokea, king'ora kinakipigia kituo kwa laini ya simu, na kituo kinawapigia wanaoshika funguo: wa kwanza Imelda mwenyewe, wa pili mimi. Siku king'ora kitakapozembea, basi, mjadala umekwisha, ni Castlebar. Wakapeana mikono kama watu wanaouziana ndama. Nilikuwapo, na nilimwona Attracta akikaza kiganja. Nyumba ile ndicho kitu pekee alichobaki nacho, na aliijua bei ya kuipoteza.

Sasa kasheshe ilianza pale alipoamua kuhama kampuni ya simu. Hakuhama kwa sababu ya senti. Kila Jumapili Imelda alikuwa akimpigia kwa video, na kwa ule waya wa shaba wa zamani, ambao Malachy mwenyewe aliuning'iniza, uso wa binti ulikuwa unaganda kinywa kikiwa wazi. "Namwona mwanangu kama samaki sokoni," alisema. "Nimechoka." Kampuni mpya ilikuwa ikivuta nyaya za faiba, zile za intaneti ya kasi, barabarani kwetu. Akawapigia, akawabana namba yake ihame naye, na wakakubali.

Fundi alikuja Ijumaa, jitu la ndevu nyekundu aitwaye Cathal, mpole kupita kiasi. Hapo ndipo kosa lilipotendeka, na ni kosa la kwetu kabisa, sidhani kama linawezekana mahali pengine. Nilikuwapo, nimeleta mayai.

"Utakunywa chai," Attracta alimwambia kabla hajaweka mkoba chini.

"Hapana, mama, niko sawa, asante."

"Kikombe kidogo tu."

"Usijisumbue kabisa."

"Maji yamechemka tayari."

"Basi, kama yamechemka tayari," akasema Cathal, maana ukikubali kabla ya mara ya tatu umelelewa vibaya, na ukikataa baada yake umetukana.

Alikuwa ameshafunga kisanduku kipya cha intaneti ukumbini, pale chini ya makoti. Akakaa, akapewa mkate wa soda, ule usiotiwa hamira, na siagi, kisha keki ya zabibu. Kisha ikaja ile kazi ya kumtafutia ukoo. Attracta alimfuata kwa maswali bibi yake Cathal kutoka kijiji hadi kijiji mpaka akamkamata: bibi alikuwa Mulroy, binamu wa Tom. Hapo kijana akawa si fundi tena, ni jamaa. Na katikati ya kipande cha pili cha keki akauliza swali la maana kuliko yote, swali alilofundishwa kuuliza katika kila nyumba: "Mama, una king'ora chochote kinachotumia laini ya simu?"

Mtu mwingine angejibu, "Ndiyo." Attracta alimjibu kwa kisa kizima: Malachy, nguzo, mazishi, Tom na kofia yake, mlango uliovunjwa, paja la nguruwe. Cathal aliweka kikombe chini. Jitu lile lilifuta macho kwa mkono wa shati. "Wamekosa haya kabisa," alisema. Na mimi nikaongeza matusi yangu machache. Tulipomaliza kuwalaani wezi, hakuna aliyekumbuka kwamba lile lilikuwa swali. Akajaribu simu, ikalia vizuri, akaonyesha taa ya kijani, akafungiwa keki ya kula njiani, akaondoka. Waya wa king'ora ukabaki umechomekwa kwenye tundu la zamani ukutani, tundu ambalo sasa lilikuwa limekufa.

Imelda alifika wiki iliyofuata, Jumamosi. Alisema amekuja kutembea tu, lakini mkobani alikuwa na kitabu cha picha cha nyumba ya Castlebar, na kabla supu haijapoa alikuwa ameshasema kwamba wamemwekea mama yake chumba, "cha kutazama tu, Mama, hakuna anayekulazimisha." Kinaangalia bustani. Watakishikilia mpaka Jumatatu.

"Bustani ninayo," alisema Attracta.

"Una ng'ombe wa Enda."

"Wanatosha."

"Mama, mimi silali! Nikiwa kule nawaza, akianguka je? Nani atajua?"

"Kituo kitajua."

"Una hakika?"

Ukumbuke jinsi mwanamke huyu alivyo. Aliweka kijiko chini, akakiri kwa sauti kubwa kwamba tangu fundi aondoke hajajaribu, akachukua simu yake ya mkononi, akapiga kituo cha ulinzi hapo hapo mezani, mbele ya binti aliyekuja kumhamisha. Mimi nilitamani kumkanyaga mguu. Angeweza kungoja Imelda aende kuoga! Lakini yeye hajui kungoja, na nadhani hakuogopa hata kidogo.

Kijana wa kituo aliitwa Declan. Attracta aliiweka simu kwenye spika. "Niweke kwenye majaribio, Declan, halafu uniambie unachopata." Akabonyeza kitufe cha shingoni. King'ora ukutani kikapiga kelele mpaka ng'ombe wangu wakakimbia. Kisha kimya.

"Umepata nini?" aliuliza.

"Sijapata kitu, mama."

Akabonyeza tena. Kelele, ng'ombe, kimya.

"Hakuna kitu. Na hapa naona mtambo wako haujatuma hata salamu ya kila siku, tangu Ijumaa ya wiki iliyopita. Ingebidi tukupigie, sijui imekuwaje. Waulize watu wa simu, mama, sisi laini si yetu."

Imelda alikuwa amepauka. "Wiki nzima," alisema polepole. "Mama, wiki nzima umelala humu ndani peke yako na kile kitu ni pambo la ukutani?" Hakuwa anafoka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Tulikubaliana. Ulinipa mkono."

"Nilikupa mkono," alisema Attracta. "Na bado sijala. Nipe dakika chache. Declan, usikate."

Akaiendea simu ya mezani, akapiga kampuni mpya. Akapokewa na dada mmoja mwenye sauti tamu ambaye alithibitisha kwamba laini ni nzima, taa zote za kijani, na kwamba king'ora si mali yao, tafadhali awaulize watu wa king'ora. Attracta alisikiliza mpaka mwisho. Nikaona mgongo wake unanyooka. Sijui niseme vipi, lakini miaka ilimtoka.

"Subiri hapo hapo," alisema. "Nakuunganisha sasa."

Akachukua simu ya mkononi katika mkono mmoja na ya mezani katika mkono mwingine, akazigeuza moja kichwa juu, moja kichwa chini, akazibananisha, sikio la hii kwenye mdomo wa ile. "Declan, zungumza na dada. Dada, huyu ni Declan. Kila mmoja aniambie mbele ya mwenzake kwamba kosa si lake."

Walibishana kama mume na mke kwenye gari. Declan alisema laini yake imekufa, dada akasema haijafa, Declan akasema basi mtambo umechomekwa wapi, dada akasema yeye atajuaje, Declan akauliza fundi wenu hakuhamisha waya? Hapo dada akaacha kubishana. "Mama," akasema hatimaye, "kuna waya wowote wa kijivu unaoingia kwenye tundu la zamani ukutani?"

"Enda," alisema Attracta bila kugeuza kichwa, "ingia chini ya makoti."

Nikaingia. Nilijikuta na buti za marehemu Malachy usoni na tochi mdomoni, huku natumwa kama punda. Waya wa kijivu ulikuwapo, umechomekwa kwenye tundu lililokufa, umetulia kama mtu anayeongea na ukuta. Dada na Declan, ambao sasa walikuwa wanaelewana vizuri kabisa, walisema utolewe pale, uingizwe kwenye tundu la simu nyuma ya kisanduku kipya, na simu ya mezani ichomekwe baada ya king'ora, si kabla yake, ili kukitokea hatari king'ora kiweze kuichukua laini hata kama mtu ameacha simu wazi.

"Bila shaka," alisema Attracta. "Anayeita msaada anapita kwanza. Tulikuwa tunafanya hivyo hivyo. Na umeme ukikatika?"

Dada akakubali kwamba kisanduku kikikosa umeme na simu inanyamaza.

"Waya wa mume wangu haukunyamaza," alisema Attracta. Declan akamwambia kuna betri ndogo ya akiba, na kuna kadi ya simu ya mkononi inayowekwa ndani ya mtambo iwe njia ya pili. Attracta akaagiza vyote viwili papo hapo, akamshukuru dada, akaiweka simu ya mezani mahali pake. Nikachomeka nyaya jinsi nilivyoambiwa.

Akabonyeza kitufe. Kelele, ng'ombe, kimya.

"Nimekupata!" alisema Declan, na ungedhani ameshinda mechi. "Imeingia safi kabisa, kitufe cha shingoni, nyumba ya Geraghty, Kilcreevan. Nikutoe kwenye majaribio?"

"Bado. Hapo umenipata wewe. Nataka tufike mwisho. Fanya kama nimeanguka kweli. Mpigie mshika ufunguo wa kwanza."

"Sasa hivi, mama. Nitampigia kwa laini nyingine, usikate."

Simu ya Imelda ilikuwa mezani, kando ya sahani ya kabichi. Sote tuliitazama. Imelda hata aliifuta makombo. Tuliitazama kwa muda, nayo ikatulia pale, nyeusi na bubu.

"Mama?" Declan alirudi, sauti imeshuka. "Mshika ufunguo wa kwanza, Imelda, binti. Hiyo namba haipo. Inasema haitumiki tena. Nampigia wa pili."

Na mfuko wangu ukaanza kulia. Ulilia kwa wimbo wa kijinga ambao wanangu waliniwekea, nikiwa nimesimama mlangoni na vumbi la makoti magotini, na sikujua kama niipokee simu au nitoke nje.

Imelda alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. "Nilibadilisha kampuni," alisema. "Miaka... hata sikumbuki. Waliniambia naweza kuhama na namba yangu, nikaona usumbufu, nikachukua mpya. Wewe huwa unagusa picha yangu tu, Mama, unanipata. Nilidhani..."

Akaishia hapo. Neno lenyewe lilikuwa limeshatoka mdomoni mwake. Attracta alimtazama juu ya miwani, na mimi nikajua swali linalokuja, maana maisha yangu yote nimelisikia. Nilitaka aliulize. Nakiri, nilitaka lile swali litue juu ya meza kama sufuria.

Hakuliuliza. Aliisukuma simu ya mkononi mpaka ikafika mbele ya binti yake. "Declan bado yuko," alisema. "Mtajie namba yako, mwanangu. Polepole, tarakimu moja moja, akurudishie."

Imelda akaitaja. Declan akairudia. Kisha akasema anajaribu, na simu iliyokuwa kando ya kabichi ikaruka, ikalia, ikawaka. Imelda aliipokea na kuiweka sikioni ingawa kijana alikuwa anasikika mezani vilevile.

"Hapa ni kituo cha ulinzi," alisema Declan kwa sauti yake ya kazi. "Tumepokea ishara ya hatari kutoka kwa mama yako. Kabla sijaendelea, naomba neno la siri la familia."

Attracta ndiye aliyechagua neno hilo siku king'ora kilipofungwa, na Imelda alikuwa hajawahi kuulizwa. Nilidhani amelisahau. Aligeuka akatazama dirishani, kule kwenye nguzo ya mwisho iliyosimama kati ya shamba langu na lao, ambayo haina kazi tena, kisha akajibu.

"Najaribu laini tu."

"Sahihi," alisema Declan.

Attracta akainuka akaipasha supu moto. Alituwekea sote, akamwekea Imelda nyingi zaidi, na hakuna aliyezungumza kuhusu Castlebar wakati wa kula. Kile kitabu cha picha nilikipata baadaye kwenye kikapu cha kuwashia jiko. Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda uwanja wa ndege, Imelda alipiga simu mwenyewe kukiachia kile chumba, kwa simu ya mezani, amesimama ukumbini kati ya makoti. Laini ya Castlebar ilikuwa inatumika na mtu mwingine. Alisubiri, akapiga tena, akasubiri, na hakuondoka pale mpaka alipojibiwa.